Herufi Moja Juu ya Kaburi

"Anko, rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hapo! Simamisha hapo hapo."

Nikasimamisha. Kwenye kioo palikuwa na jiwe la kaburi, na mbele ya jiwe shimo lililoandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa bado yu hai, anahema, anatazama jina lake mwenyewe. Aliyeandaa kaburi ni rafiki yake wa miaka mingi. Jina lililochongwa ni James R. Kirk.

"Si uliniambia ni James T.?"

"Ndiyo, T."

"Sasa hii R imetoka wapi?"

Nilimjibu bila kufikiri, kwa ujuaji wa mtu aliyeitazama Star Trek ya kwanza, tamthilia ya Kimarekani ya nahodha Kirk na chombo chake cha anga, Enterprise, mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri mbele za watu. "Aa, wamekosea tu. Hii ni sehemu ya mwanzo kabisa, jina lilikuwa halijakaa sawa."

Nikabonyeza rimoti tuendelee. Mpwa wangu hakuwa akitazama kioo tena. Alikuwa akinitazama mimi.

"Nani amekosea? Gary?"

Ana miaka 13. Picha ikaendelea kukimbia, muziki ukapanda, mwamba ukaporomoka na kumfunika Gary Mitchell ndani ya kaburi lile lile alilomwandalia mwenzake, mchimba kisima akaingia mwenyewe. Mimi nilikuwa bado natafuta jibu.

Sikulipata usiku ule. Hii ni wiki ya saba.

## Wa- yangu na a- yake

Nimekuja kugundua kwamba tofauti yetu ilikuwa kwenye kiambishi.

Mimi nilisema *wamekosea*, na wa- yangu ilikuwa ya watu walio nje ya hadithi: waandishi, mafundi, yule aliyepewa kazi ya kuweka jina kwenye jiwe la bandia. Yeye akauliza nani *amekosea*, na a- yake ilikuwa ya mtu aliye ndani. Kwake yeye jiwe lile lina mchongaji mmoja tu, naye ni Gary Mitchell, ambaye mwanzoni mwa sehemu hiyo alikuwa akicheka na nahodha wake, na sasa macho yake yanang'aa kama fedha na anajiona mungu. Kama kuna kosa, ni lake. Na mungu akikosea herufi ya jina la rafiki yake, hilo si jambo la kupita nalo kwa kubonyeza rimoti.

Jibu langu lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilinisumbua. Ningekuwa nimemdanganya mtoto, ningejua cha kurekebisha.

Ukweli wenyewe ni huu. Sehemu ile ilirekodiwa mwaka 1965, ikiwa jaribio la pili baada ya kituo cha NBC kulikataa la kwanza. Ilirushwa tarehe 22 Septemba 1966, nayo ikawekwa ya tatu kwenye foleni. Kwa hiyo mtazamaji aliyemwona Dakta McCoy, daktari wa chombo, tarehe 8 Septemba, alipowasha televisheni wiki mbili baadaye alimkuta daktari mwingine kabisa, na hakuna hata mmoja chomboni anayeshangaa. Sare nazo zimebadilika. Sulu, tunayemjua kama mshika usukani, humo ni mwanafizikia. Tukianza kuhesabu herufi ya jina kuwa kosa, basi jiwe la kaburi ndilo dogo kuliko yote.

Na nani angejali? Mwaka 1966 watu hawakuwa na mashine za kurekodia video majumbani. Jiwe lile lilipita kwenye kioo kwa sekunde chache, likaenda zake. Waliolitengeneza hawakuwa wazembe. Walikuwa wanaandika kwenye mchanga wa ufukweni, wakijua wimbi linakuja.

Wimbi halikuja. Sehemu zote 79 zikauzwa kwa vituo vidogo vidogo vya Marekani, zikarudiwa na kurudiwa miaka yote ya sabini mpaka watu wakazijua kama sala. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1969, Bjo Trimble alishachapisha kamusi nzima ya tamthilia hiyo, majina ya watu, sayari na vyombo, kutokana na kadi zilizoanzwa kuandikwa na shabiki mwenzake. Huyu ndiye yule aliyeongoza na mumewe ile kampeni ya barua za kuibembeleza NBC isiifute. Nampenda sana mama yule: kwanza aliiokoa isife, kisha akaikagua.

## Topedo ya 39

Hapa lazima niungame jambo.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na daftari. Mwaka 1995, kwenye msimu wa kwanza wa Voyager, tamthilia nyingine ya ukoo wa Star Trek, iliwahi kusemwa wazi kwamba chombo kina topedo, yaani makombora, 38 tu na hakuna namna ya kupata nyingine zikiisha. Wako umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, ghala ni moja, duka hakuna. Basi mimi nikaanza kuweka alama. Kila topedo iliyorushwa, mstari mmoja wa kalamu.

Nilipovuka mstari wa 38 nilifurahi kama askari aliyemnasa mwizi ndani ya nyumba. Njia ya mwongo ni fupi, nikajiambia, na mimi nimefika mwisho wake.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa na rafiki yangu. Yeye alikuwa kwenye ncha ya kiti, chombo kinatikisika, kuna moto nyuma ya nahodha, hajui kama watapona. Mimi nikamwambia, "Hii ni ya thelathini na tisa." Akasema nini? Nikamwonyesha daftari. Nikamweleza. Nilipomaliza kueleza, vita vilikuwa vimekwisha na hakuona walivyoshinda.

Nilifanya hivyo tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata.

Baada ya muda akawa na shughuli nyingi siku za Voyager. Bado ni rafiki yangu, tunapigiana simu, tunasalimiana vizuri, tunaongea mambo yote isipokuwa tamthilia. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka mwezi huu, nikiwa nawaza uso wa mpwa wangu niliposema "wamekosea tu". Ulikuwa uso ule ule.

Lakini sitaki kulichoma daftari langu hadharani. Sidhani kama nilikuwa mpuuzi. Hadithi ya Voyager ni hadithi ya uhaba: watu wachache, mafuta ya kubana, kila uamuzi una gharama. Ikisemwa chomboni kwamba topedo ni 38, nahodha ananiomba niogope pamoja naye kila inaporushwa moja. Mimi nilikubali. Nilimwamini kuliko waandishi wake walivyomwamini. Anayehesabu topedo ni yule aliyelichukua neno la nahodha kuwa neno, na akaja kugundua kwamba yuko peke yake.

Kosa langu lilikuwa la baadaye. Nilipogundua kwamba nimeachwa peke yangu, niliamua kumtoa na mwenzangu pia.

## Chekov alikuwa wapi?

Kama unataka kuwaona mashabiki wakiwa katika ubora wao, waulize kuhusu Chekov, kijana wa Enterprise, na Khan, adui wa Kirk.

Khan alionekana kwa mara ya kwanza tarehe 16 Februari 1967, msimu wa kwanza. Chekov alijiunga na tamthilia msimu wa pili, Septemba ya mwaka huo. Hawakukutana. Kisha ikaja filamu ya Star Trek ya 1982, Khan anamsogelea Chekov, anamtazama usoni, anasema yeye hasahau sura ya mtu.

Alimwona wapi?

Walter Koenig, aliyemwigiza Chekov, ana jibu lake la utani: siku ile Chekov alikuwa msalani, akakawia humo huku Khan akimsubiri nje ya mlango, na sura ya aliyekuweka mlangoni ukiwa umebanwa huwezi kuisahau. Ni jibu zuri na sina ugomvi nalo.

Mashabiki wakaenda mbali zaidi. Sehemu nyingi za tamthilia ile zina tarehe ya anga ambayo nahodha anaitaja kwenye kumbukumbu zake. Ile ya Khan ni 3141.9. Na kuna sehemu ya msimu wa pili, ambayo Chekov yumo na anaonekana, yenye tarehe 3018.2. Angalia tena namba hizo. Ya Chekov ni ndogo. Kwa kalenda ya chombo chenyewe, Chekov alikuwa tayari amepanda kabla Khan hajaokotwa. Enterprise ina wafanyakazi zaidi ya 400, na sisi tulioneshwa kumi au kumi na wawili. Kijana alikuwa chini huko, kwenye zamu yake, na kamera haikumfuata.

Mara ya kwanza kuelewa hesabu hii nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Kisha nikajua tarehe zile zilitoka wapi. Mwongozo waliopewa waandishi uliwaambia wachague tarakimu zozote nne, waongeze nukta na tarakimu moja. Basi. Watazamaji walipoanza kuuliza mbona tarehe zinakwenda mbele na kurudi nyuma, Gene Roddenberry akatoa maelezo kuhusu kasi ya chombo na mahali kilipo ndani ya galaksi, halafu akakiri kwamba yeye mwenyewe hana hakika alimaanisha nini, ila watu wengi wamemwambia inaingia akilini. Namheshimu kwa kukiri. Lile jiwe la kaburi lenyewe lina tarehe, 1277.1 hadi 1313.7, yaani maisha yote ya Kirk ni vipimo 36.6, wakati misimu mitatu ya kurushwa kwake ilikula zaidi ya 4,000. Jaribu kupigia hesabu hiyo uone kama utalala.

Kwa hiyo shahidi aliyemwokoa Chekov ni namba zilizobahatishwa.

Hapo nilikaa siku nyingi. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshaamua kwamba mchezo wote ni wa kujidanganya: tunaokota vipande vilivyoanguka ovyo na kusema ni ramani. Niliandika hata aya mbili za makala tofauti na hii, makala ya kuaga. Nikazifuta kwa sababu moja.

Nahodha hakujua kwamba tarehe zake zimebahatishwa.

Ndani ya chombo kile, mtu alikaa kwenye kiti, akatazama saa, akasema namba. Na ukiikubali namba yake, unapata kitu ambacho hukuwa nacho mwanzo. Unampata Khan anayetembea kwenye korido za chombo anachopanga kukiteka, akiwakagua watu wake mmoja mmoja, hata kijana wa cheo cha chini ambaye sisi watazamaji hatukuona haja ya kumjua. Miaka 15 baadaye bado ana uso wake kichwani. Hilo linaniambia jambo kuhusu Khan ambalo hakuna mwandishi aliyeliandika. Utani wa msalani unanichekesha. Tarehe zilizobahatishwa zinanitia baridi.

## Bega au mguu

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko televisheni. Dakta Watson, mwenzake Sherlock Holmes, alipigwa risasi vitani: kwenye hadithi ya kwanza, ya 1887, jeraha liko begani, na kwenye ya pili, ya 1890, limeshuka mguuni. Mwaka 1911 Ronald Knox, kijana wa Oxford aliyekuja kuwa padri, aliandika uchambuzi wa mikanganyiko ya Holmes kwa mbinu zile zile ambazo wasomi wa wakati wake walizitumia kuichambua Biblia. Alikuwa anawakejeli wasomi. Wasomaji wakauchukua mchezo wakaucheza kwa dhati mpaka leo.

Waingereza wana ugonjwa wao wa ziada kwenye Doctor Who, tamthilia yao ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari: lile jeshi la UNIT lilifanya kazi mwaka gani? Mwaka 1975 Sarah Jane, msafiri mwenzake Daktari, anasema ametoka mwaka 1980. Mwaka 1983 tunaambiwa Brigadia, bosi wa UNIT, alishastaafu mwaka 1976. Kuna watu wazima, wenye kazi zao, ambao wamegombana kwa hilo. Mwaka 2008 waandishi waliufanya mkanganyiko wenyewe kuwa kichekesho: Daktari anakumbuka alivyofanya kazi UNIT miaka ya sabini, au ilikuwa ya themanini? Nilicheka. Lakini nilihisi pia kama mtu aliyekonyezwa na mwalimu mbele ya darasa.

## Kimya cha Worf

Kuna wakati maelezo yanaharibu. Huu ndio upande wa pili wa wiki zangu saba, na sijaumaliza.

Waklingoni, wapiganaji wa sayari nyingine kwenye Star Trek, mwaka 1967 walikuwa watu wa kawaida waliopakwa rangi na kubandikwa ndevu. Waklingoni wa filamu ya 1979 wana matuta ya mfupa kwenye paji la uso. Sababu ya nje inajulikana: pesa zilipatikana. Sababu ya ndani haikuwepo, na kwa miaka 17 mashabiki waliitafuta kama sindano.

Mwaka 1996, kwenye sherehe ya miaka 30, watu wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya ukoo huo, wakatunga sehemu ambayo wahusika wao wanarudi nyuma hadi kwenye sehemu moja ya 1967. Worf, Mklingoni mwenye matuta, amekaa meza moja na wenzake, na mbele yao wamepita Waklingoni wenye paji laini. Wenzake wanamgeukia. O'Brien anauliza kama ni mambo ya uhandisi wa jeni. Bashir anauliza kama ni kirusi. Worf anakaza uso.

"Hatulizungumzii na watu wa nje."

Basi. Sentensi moja, miaka 17.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwa swali la mwendelezo. Haliondoi kitendawili. Linakipa mwenyewe. Kulikuwa na jambo, jambo hilo ni aibu, na huyu mtu mwenye kujali heshima kuliko uhai wake hayuko tayari kulifungua mezani. Kila aliyewahi kuwa na jambo la ukoo lisilozungumzwa mbele ya wageni anaujua uso ule.

Mwaka 2005, kwenye tamthilia nyingine ya ukoo huo, iitwayo Enterprise, wakalifungua. Sehemu mbili nzima. Waklingoni, kwa hofu ya kuachwa nyuma na binadamu walioboreshwa, walichukua jeni za binadamu hao wakazichanganya na za kwao wenyewe. Ikageuka kirusi, kikasambaa, na tiba iliyopatikana ikawaacha wengi na sura za kibinadamu. Yaani O'Brien alipatia na Bashir alipatia.

Usiku ule niliridhika. Asubuhi nilihisi nimepungukiwa. Kimya cha Worf kilikuwa kimegeuka faili la hospitali.

Na bado, nikiwa mkweli, nao walioandika sehemu zile wana hoja. Waliiachia aibu ibaki aibu. Waliipa tu chanzo: hofu, tamaa ya nguvu, na uso wa adui kwenye kioo chako. Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili mara nne tangu nianze makala haya, na matokeo ni sare. Ninachoweza kusema ni kwamba maelezo ya 2005 yanajibu swali la paji la uso, na sentensi ya 1996 inamjibu aliyeuliza. Mpwa wangu hakuwa ameuliza kuhusu herufi. Alikuwa ameuliza kuhusu Gary.

Tunapoanza hadithi tunaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tunauita uongo kwa jina lake, tunaukaribisha ndani, tunaupa kiti. Nilikuwa sijawahi kufikiri mgeni aliyekaribishwa hivyo anastahili nini. Mimi kwa miaka mingi nilimkaribisha ili nimpekue mifuko.

## Jibu lake

Jumamosi iliyopita alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nina hata hotuba fupi. Hakunipa nafasi.

"Anko, nimeijua ile R."

"Haya."

"Kirk alimdanganya."

Nikakaa.

"T ni ya nini?" akaniuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Tiberius."

"Sasa wewe uko chuoni, kijana, unaitwa Tiberius. Rafiki yako anakuuliza hilo jina la katikati ni nani. Utasema?"

Nilikiri kwamba huenda nisingesema.

"Basi. Akamwambia linaanza na R. Utani tu. Halafu hakurudi kumwambia ukweli."

"Miaka yote hiyo?"

"Kwani Gary mwenyewe hakumfanyia? Si alisema yeye ndiye aliyempangia yule msichana wa maabara? Na Kirk alikuwa karibu amuoe!"

Hilo lipo. Wanaliongea wakicheka, mwanzoni, Gary akiwa kitandani, kabla mambo hayajaharibika. Nimeiona sehemu ile labda mara 20 na sikuwahi kuliweka karibu na kaburi.

Mazoea ni mabaya. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Lakini Gary wakati huo alikuwa anaweza kuhisi mawazo ya watu. Angeshajua kwamba si R."

Akanitazama kwa huruma.

"Anko, mtu akitaka kukuua, wewe utakuwa unawaza jina lako la katikati?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalitazama jiwe lile upya: mtu mwenye uwezo wa kutengeneza kaburi kwa kutaka tu, aliyekwisha kumchukia rafiki yake kiasi cha kumzika hai, na bado kwenye jiwe anachonga kile alichoambiwa na rafiki huyo zamani, kwa sababu hakuwahi kukitilia shaka.

"Weka mwisho," akasema. "Kuna kingine."

Nikaweka mwisho. Kirk amerudi kwenye kiti chake, mkono umefungwa, anarekodi kumbukumbu. Tarehe 1313.8. Sehemu moja tu ya kumi mbele ya ile iliyo kwenye jiwe. Jina walikosea, tarehe wakapatia. Anataja waliopotea. Daktari Dehner, amekufa akitekeleza wajibu wake. Gary Mitchell, aandikiwe vivyo hivyo.

"Ni kweli alikufa akitekeleza wajibu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Unaona? Anaandika uongo. Kwenye kumbukumbu za chombo. Kwa ajili ya Gary."

Nikakumbuka namba zangu za Chekov, na yule nahodha niliyemfanya shahidi wangu mkuu kwa kuwa alikaa, akatazama saa, akasema. Nikaamua kutomwambia, angalau si siku hiyo. Nikamuuliza jambo jingine, na nilikuwa nataka kujua kweli.

"Sasa hiyo R alimwambia ni ya jina gani?"

Akafikiri, rimoti mapajani, kioo kimesimama kwenye uso wa Kirk.

"Hilo," akasema, "Gary alikufa nalo."